Siku Walipomkatia Dawa Mjukuu Wangu

Walimkatia dawa Jumatano, saa nne asubuhi, mimi nimesimama palepale na vichupa vyake mkononi. Nilikuwa nimetoka kuvinunua duka la ng'ambo ya barabara, kwa cheti walichoniandikia wao wenyewe. Hospitali yetu ya mkoa ndivyo ilivyo: mgonjwa wanamtibu wao, dawa unaitafuta wewe. Kwa hiyo nje ya kila wodi tumejaa sisi wauguzaji, tumekalia maboksi yaliyokunjuliwa, tunangoja mlango ufunguke, nesi atoe kikaratasi, tukimbie. Nina miaka sitini na sita na magoti yaliyokwisha, na nilikuwa nakimbia.

"Lolo, hizo zirudishe dukani," Dokta Ibarreta akaniambia. Mle ndani kila mzee wa kiume ni Lolo, babu, uwe na mjukuu usiwe naye.

"Kwa nini? Zimeharibika?"

"Hazina kasoro. Mtoto ndiye hazihitaji tena."

Akanionyesha kadi ya manjano iliyoning'inia kwenye kisanduku cha joto cha mjukuu wangu. Kila mtoto njiti aliyekuwa akichomwa dawa za kuua vijidudu alikuwa na kadi kama ile. Imeandikwa saa ya sindano ya kwanza, na saa ambayo daktari lazima asimame mbele ya mtoto aseme ziendelee kwa sababu gani. Akikosa la kusema, zinakoma. Saa ya mjukuu wangu ilikuwa imefika.

"Siku aliyozaliwa alipumua kwa taabu," akasema, "tukaogopa ana maambukizi. Tukaanza dawa papo hapo, na damu yake tukaiotesha maabara. Saa arobaini na nane zimepita, hakuna kilichoota. Anapumua mwenyewe, hana homa, anarusha miguu. Leo tunasimamisha."

"Mtoto wa kilo moja na kitu, ana siku mbili duniani, na wewe unamnyang'anya dawa."

"Simnyang'anyi, Lolo. Dawa isiyo na kazi inamharibia. Tumbo lake ndiyo kwanza linapata vijidudu vyema kutoka kwa mama yake. Nikiendelea kumchoma bure, naviua hivyo, vinabaki vibaya."

"Dawa nanunua mimi. Kazi yenu ni kuchoma tu. Hata kuchoma mmechoka?"

Nesi Gemma, aliyekuwa akitandika kisanduku cha pili, akasema bila kugeuka, "Lolo, ungejua ninavyopenda kuchoma! Njoo nikuanzie wewe."

Sikucheka. Hospitali ile naijua. Miaka minne nyuma mke wangu Felisa alifia ghorofa ya chini, kwa kidonda cha mguu. Alikuwa na sukari, na kisiki cha mwanzi kilimchoma shambani. Walimwanzishia dawa moja, wakabadilisha, wakabadilisha tena, kila mara wakinirusha dukani, na mguu unazidi kuwa mweusi. Mwishowe akaja bwana mmoja wa koti jeupe na karatasi mkononi, akaniambia vijidudu vya mke wangu vimezoea dawa. Vimezoea! Kama wapangaji. Nikajua wananizuga: wamempa zilizolala ghalani, nzuri wameshauziana. Nilimzika Felisa, nikasema mguu wangu haukanyagi tena pale.

Ukakanyaga kwa ajili ya Analyn, mwanangu wa pekee. Presha ilimpanda mimba ikiwa ya miezi saba, wakampasua asubuhi ileile. Mumewe yuko melini, simu yake inashika wiki kwa wiki. Nikabaki mimi: mama amelazwa ghorofa ya pili, mtoto ghorofa ya tatu, na katikati yao ngazi na mimi.

Na kuhusu dawa mtu asinione mjinga. Nilisoma darasa la nne tu, lakini nimefanya kazi ya nguruwe miaka kumi na tisa, kwenye mabanda ya tajiri mmoja mwenye majike mia mbili. Kila kitoto kilipata sindano siku ya tatu, kigonjwa au kizima, na unga wa dawa ulichanganywa kwenye chakula. Amri ya bosi. Nguruwe wa tajiri wanachomwa wote, halafu mjukuu wangu anakatiwa. Haya niambie wewe.

Nilimwambia Nang Puring; Nang ni dada, kwa heshima. Alikuwa mama wa makamo muuza keki za mchele, jirani yangu wa boksi pale nje, na mjukuu wake wa kiume alikuwa kisanduku kinachofuata.

"Wewe unalia umenyimwa," akasema, "mimi nalia wa kwangu alipewa. Hospitali ya kwanza walimchoma siku ishirini na moja. Hawana hakika ana nini, wanachoma. Tumbo likamvimba kama ngoma. Tumehamishiwa huku, sasa ndiyo wamemkuta na mdudu wa kweli, na dawa inayomwumiza huyo mdudu imebaki moja tu."

"Hao walikuwa wajinga wengine."

"Na hawa ni wajinga wepi?"

"Hawa ni wabahili."

"Ubahili wa dawa uliyonunua wewe? Tibo, hasira yako haijui hata hesabu." Akanipa keki. Nikala.

Mchana ule Gemma akanitokea mlangoni. "Analyn bado hawezi kusimama. Tunataka kifua. Ingia, nawa mpaka kwenye viwiko, halafu vua shati."

"Mbele za watu?"

"Nani akutamani? Kifua chenyewe kama ubao wa kufulia."

Akanikalisha kwenye kiti cha kuegemea. Akamtoa mtoto na mipira yake, akamlaza wima katikati ya kifua changu, uchi ila kofia na nepi, shavu lake kwenye mfupa wangu, akatufunga sote wawili kwa kitambaa cha kuvutika. "Joto lako ndilo kisanduku chake sasa," akasema. "Usijikune, usipige chafya, usilalamike."

Vitoto vya nguruwe nimeshika maelfu. Kitoto cha nguruwe kinapiga kelele, kinakupiga mateke, unajua umeshika kitu. Huyu alikuwa mwepesi kuliko shati nililovua. Vidole vyake vilikuwa vyembamba na virefu, vinajishika kwenye nywele za kifua changu kama mjusi ukutani, nami nikamwita Mjusi tangu hapo, maana jina mama yake alikuwa hajampa. Akivuta pumzi, naivuta naye. Akisita, na watoto njiti wanasita, nasita, mpaka kichwa kinaniuma. Masaa mawili sikusogeza hata unyayo. Tangu Felisa aondoke hakuna mtu aliyekuwa amenigusa kifua, na sasa kuna mtu analala juu yake, na watu wale wamemwacha bila kinga yoyote isipokuwa mimi.

Alhamisi asubuhi nilimwona amelegea. Nikamwita Gemma. Akamhesabu pumzi, akampima joto, akamwita daktari. Daktari akamsikiliza, akamkandamiza unyayo kwa kidole aone rangi inavyorudi, akamtekenya. Mjusi akakunja uso, akapiga mwayo.

"Amelala tu, Lolo. Ameshiba. Tunamwangalia kila saa. Akibadilika, dawa ninarudisha dakika hiyohiyo, sitangoja mtu aniambie."

Ndivyo walivyosema kwa Felisa pia. Tunamwangalia.

Nikashuka mpaka getini, nikanunua kapsuli mbili kwenye kibanda kinachouza sigara na sabuni. Nusu nyekundu, nusu njano. Kwetu nani asiyeijua dawa ile? Umekatwa na panga, unaifungua, unamwagia unga kwenye kidonda, unafunga kitambaa, unarudi kazini. Felisa nilimfanyia miezi mingi. Na maumivu yakizidi anameza mbili, akipata nafuu anaacha, zilizobaki anazirudisha kwenye kopo.

Nikapanda ghorofa ya pili. Maziwa ya mtoto nilikuwa nayabeba mimi. Analyn alikuwa ameegemea mto, mshono unamuuma, anakamua kwa mkono kwenye kikombe kidogo cha plastiki, tone, tone. Lisaa lizima, hakikupatikana hata kijiko kimoja kikubwa na nusu.

"Tatay, usimwage," akasema. Tatay ni baba.

"Nimewahi kumwaga?"

"Magoti yako ndiyo nayaambia."

Nikafunika kikombe, nikaondoka. Kwenye kibaraza cha ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, hapakuwa na mtu. Nikafungua kapsuli, nikamimina unga kidogo, kiasi cha ncha ya ukucha. Nikazungusha kikombe mpaka ukapotea. Maganda nikayatia mfukoni. Hatia sikuwa nayo. Nilijiona mkuu wa familia kwa mara ya kwanza tangu nilipoingia jengo lile.

Ndani Gemma alikuwa anampima uzito. "Kilo moja, mia tatu arobaini. Amepungua kidogo, kawaida yao siku za mwanzo. Mama katuletea nini? Wee, utajiri!" Akaandika, akapiga hesabu kwa kalamu pembeni ya karatasi, akachukua bomba la sindano lisilo na ncha, akavuta maziwa polepole, jicho kwenye mistari. Akavuta mno, akarudisha tone. Akaliinua kwenye mwanga, akatazama tena.

Maziwa ya mama mzazi, naye anayapima kwa uzito wa mtoto, tone kwa tone.

Na mimi nilikuwa nimekadiria kwa ukucha. Bandani sikuwahi kuchoma kitoto bila kukipima. Siku moja tu, tuna haraka, kimoja kidhaifu nilikikadiria kwa macho, kikafa mikononi mwangu hata chai sijanywa. Kile kilikuwa kinakaribia uzito huu huu.

Gemma akaunganisha bomba kwenye mpira wa pua wa mtoto.

"Usimpe," nikasema.

"Ati?"

"Usimpe. Nimetia kitu."

Nikatoa maganda mfukoni, nikayaweka kwenye trei yake. Alichomoa bomba kwanza, akayaweka maziwa mbali, akamtazama mtoto, ndipo akanigeukia.

"Umempa tena lini? Jana? Asubuhi?"

"Hapana. Ndiyo ya kwanza."

"Niapie."

"Naapa kwa Felisa."

Akamwita daktari. Nikasimama ukutani nikingoja mlinzi aje anitoe, na maneno nilishayapanga: nitawaambia mbele ya watu wote waliyomfanyia mke wangu. Daktari akamchunguza Mjusi, akasoma maandishi ya maganda, akamwambia Gemma amwage yale maziwa. Halafu akavuta stuli, akakaa. Viatu vyake vilikuwa vya plastiki, vimepasuka kisigino.

"Kaa na wewe, Lolo. Felisa ni nani?"

Nikamwambia. Nikamtajia na unga niliommwagia kidondani, na nguruwe wa tajiri wanaochomwa wote siku ya tatu. Sikuwa na sauti ndogo. Watoto wawili wa watu walishtuka, Gemma akanionyesha kidole mdomoni, nikaendelea kwa kunong'ona, na kunong'ona ukiwa na hasira kunachosha. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakuangalia saa.

"Ule unga," akasema, "ulimwekea kwa muda gani?"

"Tangu kidonda kilipoanza. Miezi minane. Labda tisa."

"Na za kumeza, anameza mbili anaacha?"

"Ukipona unameza za nini?"

"Huko kwenye nguruwe, ile sindano ya siku ya tatu. Ilifanya kazi miaka yote kumi na tisa?"

Jibu nililijua. Mwaka wa kumi na nne, mvua za Julai, vitoto vilianza kuharisha. Tukachoma, ikawa kama tumechoma maji. Tukaongeza, maji. Vilikufa mia na zaidi, tulivifukia kwa koleo. Bosi akaleta dawa nyingine, kali, ya bei. Ikatufaa misimu mitatu, nayo ikawa maji. Tulisema bandani kwetu, sisi wenyewe, kwa mdomo wetu: wadudu wameizoea. Mimi nilisema. Nilisema hivyo nikiwa na koleo mkononi, halafu yule bwana wa karatasi akaniambia neno lilelile mbele ya kitanda cha mke wangu, nikamwona mwongo.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemuua," nikasema.

"Sikusema hivyo, na hakuna anayeweza kusema. Mguu wa sukari ni mgumu hata dawa zikifanya kazi zote. Kapsuli ulikuwa unanunua wapi?"

"Popote. Dukani. Kwenye chumvi na sabuni."

"Kuna aliyewahi kukwambia usifanye?"

"Nani aniambie? Mnakaa huku na makaratasi yenu. Kule kwetu anakuja mgombea na fulana za bure, anakuja mkusanya kodi. Wa kutuambia unga ule tusimwagie, hajawahi kuja."

"Hajaja," akasema. "Ni kweli. Tulipaswa kuja."

Nilikuwa nimejiandaa abishe. Aliponikubalia nikabaki sina pa kuushika ugomvi wangu. Nikaanza kulia pale kwenye kiti, mzee mzima, Gemma akanipa shashi ya kufutia watoto.

"Yule wa jirani," daktari akasema, akimwonyesha mjukuu wa Puring, "damu yake imeota mdudu. Yule anachomwa siku kumi na nne kamili, na atakayeikata nitagombana naye. Wako hana kitu cha kuchomewa. Nikimchoma bure leo, siku atakayoumwa kweli nitamchoma nini?" Akainuka. "Maziwa kuanzia leo ataleta nesi wa chini. Hilo sitakuficha. Lakini kifua chako bado tunakihitaji."

Ilibaki kumwambia Analyn. Ngazi zile niliziteremka moja moja. Nilisimama miguuni mwa kitanda nikamweleza yote, kapsuli, ukucha, na maziwa yaliyomwagwa.

"Tatay. Lile lilikuwa lisaa lizima."

"Najua."

"Kukamua kunaniuma mpaka mgongoni."

"Najua, mwanangu. Nitukane."

Hakunitukana. Aligeuza uso dirishani. Nikamwambia na lile la mama yake, kwa sababu nisingelala nalo peke yangu, na alipogeuka macho yake yalikuwa yamejaa.

"Unafikiri mimi sijawaza?" akasema. "Mguu wa Mama nilikuwa naushika mimi, wewe ukimwagia. Mimi ndiye niliyekuwa nafungua zile kapsuli kwa meno. Ulivyokuwa ukiwalaani madaktari, nilikuwa naomba uendelee. Ukiacha kuwalaani wao, nilijua tutabaki sisi wawili."

Miaka minne tumekula meza moja, sikulijua hilo. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, akaniegemea begani, mshono wake ukamuuma akaguna, tukacheka kidogo kama watu waliofumaniwa.

"Haya, leta kikombe kingine," akasema. "Nishikie. Mkono wangu umechoka."

Nikashika kikombe, nimegeuza uso ukutani kwa heshima, naye akakamua. Tone. Tone. Nesi wa chini akaja na kifuniko chake, akayachukua.

Ijumaa hakuna kilichotokea. Naiandika siku hiyo kwa sababu sijawahi kuwa na siku ndefu kama ile. Kila saa Gemma anahesabu pumzi, na mimi nahesabu kimoyomoyo, na mara mbili nilimpata amekosea, akaniambia nikaombe kazi. Puring aliingia kumbeba wa kwake, tukakaa bega kwa bega tumefungwa vitambaa, akaniuliza kama nami nimeanza kutoa maziwa.

Jumamosi Mjusi alikuwa kifuani tangu saa tatu. Daktari alikuwa akipita na kadi zake, kisanduku hadi kisanduku, akijiuliza kwa sauti, huyu kwa nini, huyu kwa nini, na kwangu hakusimama, maana kadi haikuwepo tena. Ghafla nikasikia joto linanishuka tumboni. Nepi ilikuwa imelegea upande.

"Gemma," nikaita taratibu. "Gemma, kuna kitu kimetoka."

Akaja mbio, akafunua kitambaa, akachungulia. Kinyesi cha njano, laini, kimetiririka mpaka kwenye mkanda wangu.

"Dokta! Njoo uone! Njano tupu!"

Akaja, na wote wawili wakainama juu ya tumbo langu kama watu wanaotazama keki ya harusi. Daktari akambonyeza Mjusi tumbo kwa vidole viwili. Laini. Maziwa yanapita, akasema, tumbo linafanya kazi yake lenyewe. Kesho mama yake atapandishwa kwa kiti cha magurudumu, amjaribu titi.

Bado nawalaumu. Waliokalia viti vya juu wanaacha dawa zinauzwa kama pipi, halafu wanashangaa zimekuwa maji, na Felisa wangu hawezi kurudi kuwasamehe. Nikikutana nao nitawaambia. Lakini siku ile sikuwa na nafasi.

"Ngoja nilete maji nikufute," Gemma akasema.

"Acha kwanza," nikamwambia. "Amelala."